Sanduku la Wasomaji: Machi ya Bendi na Jina la Anayetunukiwa

Msimu wa mahafali unakaribia, na barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa watu wa bendi za tarumbeta. Kwa asiyezoea: machi tunayoizungumzia hapa ni muziki wa gwaride, si mwezi wa tatu. Na kila tunapoandika "kipimo" tuna maana ya ile nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima kwenye karatasi ya nota.

Bwana Yesu asifiwe. Bendi yetu ya vijana ina watu 14: tarumbeta sita, alto mbili (pembe za sauti ya kati), tromboni tatu, tuba moja na wapiga ngoma wawili. Tumeombwa kutunga machi kwa ajili ya mkuu wa shule anayestaafu Novemba, ambaye zamani alikuwa mwanajeshi. Wimbo ninao kwa solfa. Machi inajengwaje? — Mwalimu wa bendi, Machame

Amina, Mwalimu. Kwanza achana na mazoea ya pambio, pale wimbo mmoja unapozungushwa mpaka watu watosheke. Machi ina vyumba, na msikilizaji anatembezwa kutoka chumba hadi chumba.

Anza na utangulizi wa vipimo 4, wenye nguvu, bendi nzima ikipiga mstari mmoja. Ufuate ubeti wa kwanza wa vipimo 16, unarudiwa. Kisha ubeti wa pili wa vipimo 16, nao unarudiwa, na hapa ndipo tromboni na tuba hupewa nafasi ya kunguruma. Halafu inakuja trio, yaani sehemu kuu ya tatu ya machi, na hapo ndipo wimbo wako wa solfa ukae. Kwenye trio ufunguo unabadilika: ile *fa* ya mwanzo inageuka kuwa *do*. Ukianza kwa B-fleti, trio inahamia E-fleti. Kwenye karatasi ni kuongeza fleti moja tu (alama ya kushusha nota nusu toni), lakini sikio husikia kama mtu aliyekuwa amesimama sasa amepewa kiti. Piga trio mara ya kwanza kwa sauti ya chini, bila matoazi, mara ya pili kwa nguvu zote.

Watunzi wa Marekani huweka kitu kingine kati ya trio na trio: sehemu ya ugomvi, besi zikifoka huku tarumbeta zikijibu. Wapigaji wa huko huiita mapigano ya mbwa, na jina limeifaa. *The Stars and Stripes Forever* ya John Philip Sousa, ya mwaka 1896, imejengwa hivyo: utangulizi 4, beti mbili za 16 kila moja mara mbili, trio 32, ugomvi 24, trio 32, ugomvi 24, trio 32. Jumlisha, unapata vipimo 212. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, hatua mbili kila kipimo, hizo ni dakika tatu na nusu na ushee. Kwa vijana 14 ni ndefu mno. Midomo itawafia njiani. Ondoa ugomvi wote, ubaki na utangulizi 4, beti mbili zinazorudiwa (64), na trio ya 32 mara mbili. Vipimo 132, dakika 2 na sekunde 12. Inatosha kabisa kwa mstaafu na wajukuu zake.

Sasa tuje penye kosa linaloua machi nyingi za watunzi wa kwaya. Kwenye kwaya sauti nne hutembea pamoja, neno kwa neno. Ukiipa bendi mpangilio huo unapata tenzi ya kutembelea. Katika machi kila kundi lina kazi yake. Tuba inapiga juu ya pigo, pamoja na ngoma kubwa: huo ndio mguu wa kushoto na wa kulia. Alto zako mbili na tromboni mbili zinapiga katikati ya mapigo, nota fupi, kama mtu anayemalizia kauli ya mwenzake. Tromboni ya tatu ipe wimbo wa pembeni, unaotembea pale tarumbeta zinaposhika nota ndefu, na ukae kimya zinapokimbia. Tarumbeta usizirundike zote sita kwenye wimbo. Tatu zipige sauti ya kwanza, mbili sauti ya pili, na moja, ya kijana mwenye sauti nene, ipige ya tatu. Wale watatu wa kwanza wapokezane: kila ubeti unaporudiwa mmoja ateremshe tarumbeta apumzike. Na nota zao zisivuke ile G inayokaa juu ya mstari wa tano. Kijana anaweza kuifikia A mazoezini akiwa amekaa. Juani, baada ya mzunguko wa pili, A hiyo itapasuka mbele ya mgeni rasmi.

Jaribio la kazi yako ni hili: kabla ya kuwapa wengine nota, wape tuba na ngoma kubwa peke yao, uwaambie vijana watembee. Wakipotea hatua, besi yako ina nota nyingi kupita kiasi.

Machi nyingi zilizochapishwa zina maneno madogo chini ya jina, yakimtaja mtu au kikosi. Yetu ni ya mkuu wa shule aliyekuwa mwanajeshi, na kwenye kamati wapo wanaotaka tuandike "Imewekwa wakfu kwa". Ni sahihi? Na maneno hayo yakae wapi? — Katibu wa kamati ya mahafali, Moshi mjini

Andikeni "Tabaruku kwa". Ni neno lile lile mnaloliona kurasa za mwanzo za vitabu vya Kiswahili, na limebeba ndani yake maana ya baraka, ambayo hapa haidhuru. Wakfu ni kitu kilichotolewa moja kwa moja kwa Mungu au kwa jumuiya: altare, shamba la msikiti, kisima. Tarumbeta zenyewe mchungaji anaweza kuziweka wakfu. Machi aliyopewa mkuu wa shule, hapana.

Kabla ya kuandika, kamati itenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: jina la machi, aliyeiagiza, na anayetabarukiwa. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingi siyo. *The Washington Post* ya Sousa, ya mwaka 1889, ilipata jina kutokana na gazeti lililoiomba kwa ajili ya hafla ya kutoa zawadi za mashindano ya insha. *Semper Fidelis*, aliyoitunga mwaka uliotangulia akiwa kiongozi wa bendi ya wanamaji wa Marekani, ina jina lililo kaulimbiu ya kikosi, na tabaruku yake ni kwa maofisa na askari wa kikosi hicho. Hapo jina na tabaruku vinasalimiana. Lakini chukua *Colonel Bogey*, iliyotolewa mwaka 1914 na Mwingereza F. J. Ricketts aliyejificha nyuma ya jina la Kenneth Alford: kanali anayetajwa hakuwahi kuvaa gwanda. Ni jina la mshindani wa kufikirika katika mchezo wa gofu. Anayeona neno "kanali" akadhani ni tabaruku kwa afisa fulani amekwenda nje ya uwanja.

Kuna na ile ya Mwingereza Edward Elgar, *Pomp and Circumstance* namba 1, inayosindikiza mahafali za vyuo sehemu nyingi duniani. Jina lake ni la kijeshi, limetoka kwenye tamthilia ya *Othello*, ila tabaruku ni kwa rafiki yake Alfred Rodewald na chama cha okestra cha Liverpool, kilichoipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Hakuna askari hata mmoja hapo. Kwa hiyo msijibane: machi inaweza kuwa ya kijeshi kwa umbo, na tabaruku ikaenda kwa mwalimu.

Ila tabaruku nzuri huacha alama ndani ya muziki. Trio ya *Semper Fidelis* imejengwa juu ya mwito wa tarumbeta na ngoma ambao Sousa alikwishauweka katika kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1886. Askari wa kikosi kile hawakuhitaji kusoma karatasi ili wajue wanaimbiwa wao. Nanyi mna mkuu wa shule: kengele ya shule ina mlio gani? Wimbo wa shule unaanza na nota zipi? Nota nne za mwanzo za wimbo wa shule zikiingizwa kwenye utangulizi wa machi, ukumbi mzima utageuka bila kuambiwa. Mwambieni mtunzi wenu afanye hivyo, badala ya kumwomba aongeze maneno kwenye karatasi.

Mahali pa kuandika: kwenye ukurasa wa kwanza wa nota za kiongozi, katikati, jina la machi likiwa juu kwa herufi kubwa, tabaruku chini yake kwa herufi ndogo za kulala, kisha jina la mtunzi upande wa kulia. Mistari miwili, isizidi. Mfano:

HATUA ZA MWALIMU
*Tabaruku kwa Meja (Mstaafu) … , Mkuu wa Shule,*
*kwa miaka aliyotulea. Moshi, Novemba.*

Mwaka uandikwe pia, kwa tarakimu, maana baada ya miaka kumi hakuna atakayekumbuka Novemba ipi. Cheo muulizeni mwenyewe anavyopenda kiandikwe. Kukosea cheo cha mwanajeshi mstaafu ni kosa ambalo keki haitalifuta. Na majina ya wafadhili wa soda na turubai yaende kwenye ratiba ya shughuli. Tumeona tabaruku yenye majina tisa na nembo ya duka la vifaa vya ujenzi. Hiyo ni bango.

Naweza kutabaruku machi kwa mtu aliyefariki? — Mpiga eufoniamu, Himo

Unaweza, ila badilisha maneno yawe "Kwa kumbukumbu ya". Na mwendo wa machi si lazima uwe wa huzuni. Alford alitoa *The Vanished Army* mwaka 1918, tabaruku kwa askari laki moja wa kwanza waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na bado ni machi ya kutembea.

Kwenye gwaride letu kila mara sehemu nzuri ya machi hupigwa kikosi kikiwa kimeshapita jukwaa kuu. Mgeni rasmi anasikia utangulizi tu. Kosa liko wapi? — Mkufunzi wa vijana, Arusha

Kosa liko kwenye hesabu, na inatengenezeka kwa futikamba.

Hatua ya gwaride ni kama sentimita 75. Kwa hatua 120 kwa dakika kikosi kinakwenda mita 90 kwa dakika. Chukua machi ya kawaida: utangulizi 4, beti mbili za 16 zikirudiwa, hapo ni vipimo 68 kabla ya trio. Kwa mwendo huo kipimo kimoja ni sekunde moja, basi trio inaanza sekunde ya 68. Ndani ya muda huo kikosi kimetembea mita 102. Kwa hiyo, ukitaka trio ifunguke pale wanapotoa heshima, mstari wa kuanzia uwe mita 100 hivi kabla ya jukwaa. Mkianza mita 40 kabla, kama wengi wafanyavyo kwenye viwanja vya shule, mgeni rasmi atasikia ubeti wa kwanza na vumbi.

Uwanja ukiwa mdogo una njia mbili. Ya kwanza: usirudie beti. Vipimo 36 tu, trio inafika baada ya mita 54. Ya pili, ambayo tunaipenda zaidi, ni kuanza na mapigo ya ngoma tupu hadi kikosi kifike alama uliyoichora kwa chokaa, ndipo bendi iingie. Lakini pima mwendo halisi wa vijana wako kwa saa ya mkononi. Si kila jeshi linatembea 120: wanajeshi wa miguu wa Uingereza hutumia 116, vikosi vyao vya rifle (wapiga bunduki) hukimbilia 140, na Jeshi la Kigeni la Ufaransa hutambaa kwa hatua 88. Machi iliyoandikwa kwa 140 ukiipiga kwa 116 inakuwa nzito kama ugali wa jana.

Na kusimamisha bendi je? Vikosi vikiwa vingi, machi itazungushwa mara kadhaa na hakuna anayejua mwisho uko wapi. Mpiga ngoma kubwa, akiona ishara ya kiongozi, apige mapigo mawili mazito mfululizo, tofauti na mapigo yake ya kawaida. Wote wanamaliza kifungu walichomo na kunyamaza kwa pamoja. Zoezi hili lifanywe mara ishirini kabla ya siku yenyewe. Bendi inayokufa mmoja mmoja, tuba ikibaki peke yake inabweka, huharibu gwaride zuri kuliko nota kumi zilizokosewa.

Jukwaani ndani ya ukumbi, haya yote huna haja nayo. Watu wamekaa. Unaweza kupunguza mwendo kwenye trio ya mwisho, kuongeza urefu wa utangulizi, hata kuanza na tarumbeta moja kutoka mlangoni. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya machi ya tamasha na machi ya uwanjani: ya uwanjani haina ruhusa ya kuchelewa hata nusu hatua.

Tumeagiza nota za machi kutoka Uingereza. Tarumbeta zetu, ambazo zilifundishwa zamani na walimu wa kanisa, zinagombana na klarineti mbili tulizopewa. Kila mmoja anasema yeye ndiye anapiga kilichoandikwa. — Kiongozi wa bendi ya usharika, Marangu

Na wote wanasema kweli.

Makanisa ya huku Kilimanjaro yalifikiwa na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig kuanzia mwaka 1893, na desturi ya Ujerumani ya vikundi vya tarumbeta vya kanisani ina jambo lake: mpigaji husoma sauti halisi, ile ya kinanda, moja kwa moja kutoka kwenye kitabu cha nyimbo. Waingereza na Wamarekani hawafanyi hivyo. Wao humwandikia mpiga tarumbeta ya B-fleti nota zilizopandishwa toni moja, ili C ya karatasi itoke kama B-fleti ya kinanda. Klarineti zenu zimefundishwa njia hiyo. Matokeo: karatasi ni ile ile, tarumbeta iko toni moja juu ya klarineti, kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mwisho.

Ukitaka kuhakikisha, usisikilize, tazama vidole. Andika ubaoni C ya chini, ile yenye kijimstari chake chini ya mistari mitano. Mwambie kila mpiga tarumbeta aipige. Asiyebonyeza kitu amefundishwa njia ya Waingereza. Anayebonyeza vali ya kwanza na ya tatu anasoma sauti halisi. Mkiwa na mchanganyiko ndani ya safu moja, na hutokea, umepata chanzo cha ugomvi wa miaka.

Dawa si kuwalazimisha wazee wajifunze upya kabla ya Novemba. Waandikie wao nakala nyingine, kila nota ikishushwa toni moja na ufunguo ukiongezewa fleti mbili. Karatasi ya tarumbeta iliyoandikwa C kuu wao waisome B-fleti kuu. Programu za bure za kuandikia nota kwenye kompyuta hufanya kazi hii kwa kubofya mara mbili. Vijana wapya, wafundishe njia ya karatasi zilizochapishwa, maana machi karibu zote za bendi zinakuja hivyo.

Tahadhari ndogo kwa wanaotumia vitabu vya zamani vya Kijerumani: kwao herufi B peke yake ni B-fleti, na B ya kawaida wanaiita H. Ukiona "tarumbeta katika B" usikune kichwa, ni tarumbeta yako hiyo hiyo.

Tukifanya mazoezi Moshi tunasikika vizuri. Tukienda Arusha asubuhi, mwezi wa Julai, tunashuka sauti. Ni kwa sababu ya mwinuko? — Mpiga tuba

Mwinuko hauhusiki, ni baridi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini zaidi, ndiyo maana mnaona tofauti ya joto. Hewa ya baridi hupitisha sauti polepole, na ala za kupuliza zinashuka. Tofauti ya nyuzi 10 za selisiasi ni karibu theluthi ya nusu toni, kama ala haijapashwa moto na pumzi. Tuba yako ndiyo inayochelewa kupata moto kwa sababu bomba lake ni refu na pana. Pulizeni pumzi ya moto ndani ya ala bila kutoa sauti wakati mnasubiri, pigeni nota ndefu dakika kumi, ndipo mlinganishe sauti. Mkilinganisha mara tu mnaposhuka kwenye Coaster, baada ya robo saa mtakuwa mmepanda na kila mmoja atamlaumu mwenzake. Vali zikigoma usitie mafuta ya kupikia. Yanaganda na kugeuka gundi.

Naweza kuingiza kipande cha Mungu Ibariki Afrika kwenye trio ili kumheshimu mwanajeshi? Na machi za zamani, naweza kuzipanga upya bila kuvunja sheria? — Mtunzi kijana, Usa River

La kwanza, usifanye. Si kwa sababu wimbo si mzuri. Ukipiga vipimo vinne tu vya wimbo wa taifa, wenye magwanda watasimama wima, wazee watavua kofia, wanaotembea hawatajua waendelee au wasimame, na wewe utakuwa tayari umeshaingia kipimo cha tano ambacho ni kitu kingine. Wimbo wa taifa hupigwa mzima, peke yake. Vivyo hivyo miito ya tarumbeta ya kambini, ile isiyotumia vali: mwito unaotumika kwa maziko usiwekwe kwenye machi ya furaha. Nota za tarumbeta lisilo na vali ni chache mno, kwa do ya C ni G, C, E, G na mara nyingine C ya juu. Kwa hizo hizo utunge mwito wako mwenyewe. Wanajeshi watausikia kama wa kwao bila wewe kugusa wa kwao kweli.

La pili: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya muziki hapa nchini inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sousa alifariki mwaka 1932, Alford mwaka 1945. Machi zao asilia uko huru kuzipanga. Lakini mpangilio mpya uliotengenezwa na mtu aliye hai ni mali yake, hata kama wimbo ni wa zamani. Kutoa nakala ya mpangilio huo ni kuiba. Na unapopanga upya machi ya mwingine, tabaruku yake ya awali ibaki. Hauna mamlaka ya kuifuta *Semper Fidelis* ikawa ya mjomba wako. Ukitaka kumpa mjomba, andika kwenye ratiba: "Leo inapigwa kwa heshima ya…". Hiyo ni heshima ya siku moja, na inatosha.

Kuhusu kutaja chuo cha kijeshi, kikosi au polisi kwenye tabaruku: omba ruhusa kwa barua, ukiambatanisha maneno kamili unayotaka kuchapisha, na usitumie nembo yao. Jibu likichelewa, mtabaruku mtu binafsi kwa ridhaa yake, ukiacha jina la taasisi.

Mshereheshaji wetu husoma tabaruku huku bendi ikipiga. Hakuna anayesikia kitu. Tufanyeje? — Mwanakamati, Ngaramtoni

Mnyimeni kipaza sauti muziki unapoanza. Tabaruku isomwe kwanza, kwa ukimya, sentensi ile ile iliyo kwenye karatasi bila kuongeza wasifu. Anayetunukiwa asimame, apewe nakala ya nota za kiongozi, akae. Kiongozi wa bendi ahesabu hadi tano moyoni, ainue mkono. Nakala hiyo iwe imechapishwa upande mmoja, imefungwa kwa jalada gumu, na isainiwe na mtunzi kwa kalamu siku hiyo hiyo. Usiipitishe kwenye mashine ya plastiki kabla ya sahihi, maana wino hautashika.

Tukipiga huku tukitembea tunatumia karatasi kubwa, na upepo unazipeperusha. Kuna ukubwa maalumu? — Mpiga alto, Tengeru

Nenda steshenari na karatasi yako ya A4, mwambie aipunguze kwa asilimia 71, itatoka A5. Nota za alto zenye vipimo 132 zinaenea upande mmoja ukitumia mistari minane hadi tisa, na alama za marudio zikichorwa vizuri ili beti zisiandikwe mara mbili. Bandika kwenye kadi ngumu, weka plastiki, uishike kwa kibanio cha nota kinachofungwa kwenye ala. Kama bendi haina vibanio, kibanio cha nguo cha mbao na waya wa shaba vinafanya kazi, ila waya usiguse vali. Hakikisha plastiki ni ya kufifia, isiyong'aa. Inayong'aa, jua la saa nne likiipiga, utaona uso wako mwenyewe badala ya nota.